Asili ya Jina Seaton, Pamoja na Maneno Machache Juu ya Majina ya Ukoo Katika Nchi ya Meru

Katika masomo ya historia ya nchi yetu, hakuna sura ambayo watoto wa Meru huisikiliza kwa makini kuliko habari za Kesi ya Ardhi ya mwaka 1951 na 1952. Katika sura hiyo hutajwa mara kwa mara majina mawili, la Kirilo Japhet na la Earle Seaton. Jina la kwanza watoto hawaliulizi, maana walilisikia nyumbani kabla ya kulisikia shuleni. La pili huwashinda hata kulitamka. Mwaka uliopita mtoto mmoja aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, kwetu kila jina lina maana yake. Hili Seaton maana yake nini, nalo ni la ukoo gani?" Kengele ilikuwa imekwisha lia, nami nikamjibu kwa haraka kwamba ni jina la Kizungu tu. Nilipofika nyumbani niliona haya kwa jibu lile. Kwanza, mwenye jina hakuwa Mzungu. Pili, jina lenyewe lina habari ndefu, na habari hiyo inafanana na habari za majina yetu kuliko nilivyodhani. Basi nimeandika hapa jibu ambalo ningalimpa mtoto yule kama kengele isingalilia.

Imetupasa kwanza kumjua mwenye jina. Earle Seaton alizaliwa katika visiwa vya Bermuda, vilivyomo katika bahari ya Atlantiki, naye alikuwa mtu wa asili ya Afrika. Alisomea sheria, akaja Tanganyika, akafanya kazi ya uwakili mjini Moshi. Wakati huo serikali ya Waingereza ilikuwa imekwisha mweka Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, na taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Kutokana na taarifa hiyo iliamriwa kwamba Wameru waliokaa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, waondolewe na kuhamishiwa Kingori, ili mahali pao wapewe walowezi wa Kizungu wapate kufuga ng'ombe. Mwezi wa Novemba 1951 askari walifika. Nyumba zilichomwa moto, na watu wapata 3000 walitolewa katika nchi yao. Wengi wao walikataa kwenda Kingori, wakaenda kukaa kwa jamaa zao katika miteremko ya kusini.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo Wameru walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Seaton akawa mtetezi wao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York akayasema mambo ya watu wake mbele ya wajumbe wa mataifa. Kamati iliwakubalia, lakini katika Mkutano Mkuu azimio halikupata theluthi mbili za kura, likaanguka. Mwaka 1967 watu hawa wawili walitoa kitabu kimoja juu ya kesi hiyo, na majina yao yote mawili yamo katika jalada lake. Seaton alikuja kuwa jaji katika Tanzania, na tena kwao Bermuda.

Sasa nije kwenye jina. Seaton ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyounganishwa. La kwanza lilikuwa *sæ*, yaani bahari. La pili lilikuwa *tun*, na hili ndilo lenye mambo mengi, nami nitakaa nalo kidogo.

Maana yake ya kwanza *tun* ilikuwa ugo, yaani kitu kizungushwacho mahali ili wanyama wasitoke na wezi wasiingie. Wale wamisionari wa Leipzig waliokuja kwetu walikuwa nalo neno hili katika lugha yao pia, maana Wadachi husema *Zaun*, nalo hata leo kwao ni ugo tu. Lakini kwa Waingereza maana ilitembea. Kutoka ugo ikawa kiwanja kilicho ndani ya ugo, kisha nyumba na shamba la mtu mmoja, kisha kijiji, na mwisho wake ni lile neno la Kiingereza la siku hizi, *town*, lenye maana ya mji wa maduka na barabara. Msomaji wa Arusha hana haja ya kushangaa, kwa kuwa neno letu boma limepita njia iyo hiyo. Boma ni ugo wa miiba au wa magogo uzuiao ng'ombe. Kisha likawa jina la ngome. Na Wadachi walipojenga ngome yao Arusha mwaka 1900, watu waliiita Boma. Ngome ikageuka ofisi ya serikali, na mtu wa kijijini akisema "nakwenda bomani" ana maana kwamba anakwenda kwa wakubwa, wala hafikiri ng'ombe hata kidogo. Tena, katika njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi upo mji uitwao Boma Ng'ombe, makao ya wilaya ya Hai, wenye mabenki na vituo vya mafuta. Mgeni akiuliza maana ya jina lake ataambiwa zizi la ng'ombe. Ndivyo yalivyo majina mengi ya Uingereza yaishiayo kwa *ton*. Ni maboma yaliyokua yakawa vijiji na miji, na jina la zamani likabaki juu yake.

Kwa hiyo Seaton ni boma la bahari, au tuseme kijiji cha pwani. Hapo jambo lingekuwa rahisi kama ingalikuwako Seaton moja tu. Ziko nyingi. Iko ya Devon, upande wa kusini magharibi, iliyo ufukweni hasa. Nayo hapo kale haikuitwa Seaton bali Fleet, maana yake hori la maji ya bahari, na jina la sasa laonekana katika maandiko ya karne ya 12. Iko Seaton Delaval upande wa kaskazini. Jina lake la pili ni la mabwana Wanormandi waliotoka Ufaransa wakaitawala, ambao waliitwa *de la Val*, yaani wa bondeni. Msomaji atazame jambo hilo: watu walichukua jina la bonde katika nchi ya Ufaransa, wakavuka bahari nalo, wakakiachia kijiji cha Kiingereza. Ziko Seaton nyingine katika jimbo la Yorkshire zisizokuwa baharini, na wataalamu wasema kwamba katika Kiingereza cha kale neno lile la bahari lilitumika hata kwa ziwa. Iko na Seaton ya Rutland, jimbo dogo lililo katikati ya nchi, mbali na bahari kila upande. Na hiyo hudhaniwa kuwa ilitokana na jina la mtu wa kale, herufi zikaja zikafanana kwa kutamkwa vibaya miaka mingi. Tukimwona mtu aitwaye Seaton, basi, hatuwezi kusema mara moja babu zake walitoka wapi, wala hatuwezi hata kuapa kwamba waliiona bahari.

Jina la kijiji lilikujaje kuwa jina la watu? Zamani Waingereza walikuwa na jina moja moja tu, kama babu zetu. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na mabwana waliokuja naye walikuwa na desturi ya kujiita kwa nchi walizomiliki, kila mmoja fulani wa mahali fulani. Kwa mabwana wale jina la mahali lilikuwa dai la umiliki: huyu ndiye mwenye nchi hii. Lakini desturi ilipoteremka kwa watu wadogo, maana yake iligeuka juu chini. Mkulima aitwaye John hakuitwa John wa Seaton alipokuwa Seaton, maana huko kila mtu alikuwa wa Seaton, na jina la namna hiyo lisingalimtenga na mtu yeyote. Aliitwa hivyo siku alipohamia kijiji kingine na kukuta Jonh watatu wengine, nao jirani wakatafuta njia ya kumtambua. Jina la mahali, kwa watu kama hao, lilipewa mtu aliyeondoka mahali pale, tena alipewa na wale waliompokea.

Jambo hili twaliona mjini kwetu kila siku. Upande wa kusini wa Arusha uko mtaa uitwao Kwa Mrombo. Jina lenyewe lajieleza: ni kwake mtu wa Rombo, nchi iliyo mashariki ya Kilimanjaro. Huko Rombo kwenyewe hakuna aitwaye Mrombo kama jina lake, maana wote ni Warombo. Jina hilo hupewa mtu aliyetoka kwao akaja kukaa kwa watu wengine. Kisha mahali akaapo pakapewa jina lake, na leo maelfu ya watu ambao hawakupata kuiona Rombo husema kwamba wanakaa Kwa Mrombo, na daladala zimeandikwa hivyo. Hata Arusha yenyewe ina habari kama hiyo. Wazee husimulia kwamba Waarusha walitoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, wakapanda kuja kukaa chini ya mlima Meru katika karne ya 19, na hapa pakaitwa Arusha Juu. Nao mji ulipokua, neno "Juu" likaanguka, na sasa mtu akitaja Arusha hakuna aikumbukaye ile ya Chini ila wenyeji wake.

Watu wa pwani wanayo desturi hii siku nyingi, kwa namna ya Kiarabu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, aliyefasiri Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, alikuwa na jina lenye maana ya mtu wa Uajemi. Mgazija, Mmanyema na Mshihiri ni majina ya namna hiyo hiyo, nayo hutumiwa kwa watu waliozaliwa Dar es Salaam na baba zao wakazaliwa Dar es Salaam.

Turudi Uingereza. Majina haya yalikuwa mepesi mwanzoni, hubadilika kila mtu ahamapo. Mtoto wa John wa Seaton angaliweza kuitwa jina jingine kabisa, kwa kazi yake au kwa umbo lake. Mambo yaliyoyakaza ni mawili, na yote mawili twayajua. La kwanza ni kodi. Katika miaka ya 1377, 1379 na 1381 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, na makarani walizunguka wakiandika majina ya walipaji. Na karani anapenda mtu awe na jina lile lile mwaka ujao. La pili ni kanisa. Mwaka 1538, katika enzi ya mfalme Henry wa 8, iliamriwa kila usharika uwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Mtoto alipoandikwa kwa jina la baba yake katika kitabu kile, jina lilifungwa. Na kwa kuwa kila padre aliandika alivyosikia, jina moja likatoka kwa namna nyingi. Ndiyo maana wako Seaton na wako Seton. Hao wa pili wanajulikana sana Scotland, ambako ni ukoo wa wakubwa. Na ndugu zetu Wakatoliki watalikumbuka jina hilo kwa ajili ya Elizabeth Ann Seton wa Marekani, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1975. Yeye alilipata kwa mumewe.

Kwetu kodi ya nyumba ya Wadachi ilianza kutozwa mwaka 1898, na kituo cha misioni cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902. Waingereza walipata muda wa miaka mia na zaidi baina ya kitabu cha kodi na kitabu cha ubatizo. Sisi vitabu hivyo viwili vilitufikia karibu pamoja, katika maisha ya mtu mmoja, naye mtu huyo hakuulizwa sana anataka kuandikwaje.

Jina Seaton lilivuka Atlantiki pamoja na Waingereza, walioanza kukaa Bermuda mwanzo wa karne ya 17. Katika visiwa vile, na katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza, watu wa asili ya Afrika walipata majina ya Kiingereza kwa njia ya utumwa. Majina ya kwao yaliachwa, mengine kwa kusahauliwa na mengine kwa kukatazwa, na mtumwa aliandikwa kwa jina alilopewa na bwana wake au, baadaye, kwa jina la ukoo wa bwana. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Waingereza mwaka 1834, na watu walipotoka katika hali ile walitoka na majina yale, wakawapa watoto wao. Kwa hiyo majina ya vijiji vya Uingereza yamejaa katika visiwa hivyo, na wenye majina hawana bibi wala babu aliyelima huko. Jina la ukoo si ushahidi wa damu. Hata Stanley, yule msafiri aliyepita nchi zetu, jina lake lilikuwa la kuazima: alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, akalitwaa jina la Stanley huko Marekani. Nalo Stanley ni jina la mahali, maana yake uwanda wenye mawe. Alilitwaa kwa hiari yake. Watu wa visiwani hawakuulizwa.

Kwa njia hiyo ndefu jina la kijiji cha pwani ya Uingereza likafika Moshi, likiwa juu ya mtu ambaye asili yake ilikuwa Afrika, na kazi yake ikawa kuwatetea watu waliofukuzwa mahali pao. Sikuwahi kulifikiri jambo hili nilipokuwa nikilifundisha jina lake kama tarehe.

Yafaa niseme na majina mengine ya kesi ile. Wilson ni mwana wa Will. Jina la baba, wala si la mahali. Kirilo na Japhet yote mawili ni majina ya ubatizo, na katika vitabu utayakuta yamepangwa huku na huku, mara Kirilo Japhet, mara Japhet Kirilo, kwa kuwa waandishi wa Kizungu huliona jina la mwisho kuwa la ukoo. Katika majina hayo hakuna la ukoo. Watu wengi wa kizazi kile walijulikana hivyo, kwa jina lao na jina jingine la mtu, na majina ya koo zao hayakuonekana katika karatasi.

Lakini koo zetu zipo, na majina yake ni mazuri: Kaaya, Mbise, Nanyaro, Pallangyo, Nnko, Akyoo, Sarakikya, Urio, Kitomari, Issangya, na mengine ambayo wenyewe wataniwia radhi kwa kutoyaandika. Siku hizi hayo ndiyo yanayotumika kama majina ya mwisho, na ukilisikia mojawapo hata Dar es Salaam mara nyingi unajua kwamba mwenyewe ni wa Meru. Wasomaji wa jarida hili watatambua ajabu moja. Wazee husimulia kwamba Wakaaya na Wambise asili yao ni Usambara, na koo nyingine nyingi zilitoka Machame, magharibi ya Kilimanjaro. Na lugha yetu yashuhudia hayo ya Machame, kwa kuwa Kirwa na Kimachame vinakaribiana hata watu husikilizana. Lakini katika majina ya koo hizo hukuti neno la Usambara wala la Machame. Waingereza waliliweka jina la mahali, wakawasahau watu waliotoka hapo. Wazee wetu waliliweka jina la watu, na habari ya mahali wakaiacha midomoni mwa wazee. Kila njia ina hasara yake, nami naona hasara ya kwetu ni ya haraka zaidi, maana Seaton imo katika ramani na mzee hayumo.

Nina sababu yangu mwenyewe ya kulitazama jambo hili. Mimi nilipopelekwa shule niliandikwa kwa jina langu na jina la ubatizo la baba yangu. Ndugu yangu mdogo, wa tumbo moja nami, alipelekwa miaka sita baadaye, na mwalimu wa zamu akamwandika kwa jina la ukoo. Hakuna aliyekosea kwa kusudi, wala hakuna aliyeona shida, maana kijijini kila mtu alitujua. Baba alipofariki, tulikwenda kwenye ofisi moja ili kihamba chake kiandikwe kwa majina yetu wawili. Karani alizitazama karatasi, akatutazama sisi, akasema, "Hapa sioni ndugu, naona watu wawili tu." Tulirudi mara nne. Mwisho tuliapa kwa hati, na wazee wawili wa ukoo wakaja kushuhudia kwamba sisi ni wana wa baba mmoja. Mmoja wa wazee hao, aliyetembea kwa fimbo, aliuliza njiani mara mbili ni kwa nini anaitwa kuapa jambo linalojulikana na kila mtu.

Kwa hiyo nikiandika watoto katika daftari ya shule nawaandika majina matatu, la mtoto, la baba na la ukoo, na mzazi akisema kwamba mawili yatosha, nambembeleza. Wako wenzangu wasemao kwamba jina la ukoo huleta ukabila. Sikubaliani nao. Kwa desturi yetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, na vijana wa siku hizi hukutana mbali, katika vyuo na miji, wakiwa na majina ya ubatizo tu, Anaeli na Elisante na Eliamini. Ni afadhali wajuane mapema kuliko wazee kuja kuwaambia siku ya posa.

Nimalizie kwa habari ya jirani mmoja. Katika kijiji nilikokulia, upande wa kusini wa mlima, alikuwako bibi mzee aliyeitwa na watu wote Bibi Nanyuki. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndilo jina lake. Alikuwa na migomba michache na kibanda, na kihamba alichokaa kilikuwa cha kaka yake. Alikuwa mmoja wa waliotolewa mwaka 1951, naye alikuja kwetu na watoto wawili na mbuzi mmoja. Kule Engare Nanyuki, ambako siku hizi huandikwa Ngarenanyuki, hakuitwa Nanyuki. Huko alikuwa mke wa fulani na mama wa fulani. Jina hilo ni la Kimasai, maana yake maji mekundu, na alilipata kwetu, mwaka ule ule alipofika, kwa kuwa jirani walitaka kumtenga na kina bibi wengine wa ukoo ule. Alilichukua miaka zaidi ya 30. Alipozikwa, mchungaji alisoma jina lake la ubatizo na la ukoo, na watu wengi waliokuwapo makaburini waliulizana ni nani anayezikwa, mpaka mtu mmoja akasema kwa sauti, "Ni Bibi Nanyuki," ndipo wakaanza kulia.